Mshenga Aliyeita Bure

Njia ya kwenda Uitano haina habari ya kusimulia: ni jua, vumbi, na maji ya kunywa pale yanapopatikana. Wenye habari ni watu wake. Basi tuwaendee hao moja kwa moja, pamoja na mtu wetu aliyefika kwao na ulimi wake.

Mtu huyo aliitwa Ngwilizi, mshenga wa Bumbuli. Posa iliyokwama kokote milimani ilipelekewa yeye. Alikwenda, akaketi ukumbini, akamwita baba wa binti "mkwe wangu" kabla hajakubaliwa. Mama wa binti alikuwa "mama", shangazi zake "shangazi zetu", na hata wale wajomba wanaokuja kwenye posa kwa ajili ya kugomba tu, aliwaita wajomba kwa sauti ya mtu aliyelelewa mapajani mwao. Chai ilipokwisha, posa imepita. Watu walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Ngwilizi humtoa pamoja na ngozi yake. Aliwaozesha wengi, mwenyewe hakuoa. Alipoulizwa kwa nini, alicheka akasema mwuza kofia hutembea kichwa wazi.

Alisikia kwamba Uitano vijana hawaoi, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumwita mwenzake mkwe. Akaona hapo pana kazi yake.

Langoni palikuwa na askari wawili. Ngwilizi alimfuata aliye karibu, mkono mbele, uso umechanua.

"Ndugu yangu, habari za hapa?"

Askari alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwenzake akamshika Ngwilizi kiwiko, akamvuta kando.

"Bahati yenu wote wawili kwamba hakuitika," alisema. "Wewe ni mgeni, nitakwambia mara moja. Huku neno la udugu ni fundo. Ukimwita mtu kaka, naye akakuitika mbele ya watu, basi ni kaka. Utamwuguza, utamzika, utalea watoto wake. Na yeye kwako hivyo hivyo."

"Na asipoitika?"

"Limeanguka chini. Upepo utalifagia."

"Na mtu akimwita mwanamke mama?"

Askari alimtazama kwa makini. "Hilo ndilo zito kuliko yote. Mwenye mama hahami mji huu, mama angali hai. Chunga mdomo wako."

Ngwilizi aliingia mjini akistaajabu. Watu walisalimiana kwa "Ewe mwenye kofia" na "Ewe wa upande wa kulia." Watoto waliocheza pamoja tangu kunyonya waliitana "Jirani." Maofisa walipita na pamba masikioni, kwani sikio lisilosikia haliwezi kuitika, na kadiri ofisa alivyokuwa mkubwa ndivyo pamba yake ilivyokuwa nene. Milango ya matajiri ilikuwa na watumishi ambao kazi yao ilikuwa moja tu. Maskini akisimama nje na kuita, "Baba mkubwa!", mtumishi hujibu haraka, "Aliyeitwa hayupo," kabla bwana wake hajasahau akasema naam.

Uwanjani aliona jambo lililomstaajabisha zaidi. Mkuu wa mji alipanda jukwaa la mbao, akatoa pamba, akanyoosha mikono, akasema, "Ndugu zangu! Mama zangu! Watoto wangu wapenzi!" Umati ukaitika kwa kishindo. Ngwilizi alimwuliza aliyesimama naye, ikiwa basi mkuu yule atawazika wote hawa.

"La," alijibu yule mtu bila kicheko. "Sheria inasema neno hufunga likitamkwa kutoka ardhini. Jukwaa si ardhi."

Siku hiyo mvua ilinyesha. Hakuna nyumba iliyompokea, kwa kuwa hakuwa na wa kumwita wala wa kumwitika. Alizunguka mitaa mpaka nguo zikamganda mwilini, ndipo akafika kwenye kibanda kilichonuka siki na pilipili. Mlango wake ulikuwa umepigwa mstari mweupe wa chokaa. Ndani ya kizingiti aliketi mwanamke mtu mzima, Bi Sikudhani, mjane asiye na mtoto, akikata ndimu za achari. Mkabala naye, kwenye baraza yake, jirani yake Mwanahija alikuwa akikinga maji ya mvua kwa beseni.

"Chokaa hii ni ya nini?" Ngwilizi aliuliza.

"Ni ya kunihamisha," alisema Bi Sikudhani, kisu hakijasimama. "Mtu mzima asiyeitwa na yeyote hana haki ya nyumba. Hupelekwa kilimani, Nyumba ya Wasioitwa. Watakuja nikimaliza ndimu hizi, au kabla."

Ngwilizi alitetemeka. Maji yalimtiririka shingoni. Alijua sheria, alikuwa ameambiwa kinaganaga siku ileile. Lakini tangu ujana wake alikuwa ametoa neno lile mara nyingi mno, wala halijapata kumgharimu chochote. Neno ni pumzi, alijiambia, na pumzi haimfungi mtu.

"Mama," alisema, "nihifadhi."

Kisu kilisimama. Mwanahija aliacha beseni lifurike.

"Umesemaje?"

"Nimesema mama."

"Unajua uzito wake?"

"Naujua."

Bi Sikudhani alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole baada ya kidole. Midomo yake ilijaribu neno mara kadhaa kabla halijatoka, kama mtu anayejaribu kufungua mlango ambao haujapata kufunguliwa.

"Abee, mwanangu," alisema.

Mwanahija alipiga kigelegele mvuani. Alivuka njia na beseni lake, akaumwagia mlango maji, akaisugua ile chokaa kwa upande wa leso mpaka mbao zikabaki tupu.

Ngwilizi alikaa katika nyumba ile tangu mvua hizo mpaka zilipokatika. Alilalia kitanda cha kamba, na Bi Sikudhani akalala chini, akisema mgongo wake unapenda sakafu. Wali alipewa wa juu, ukoko akala mama. Alikuwa mwana wa mtu, kwa hiyo milango ikamfungukia: watu walimketisha, wakamwuliza habari za mama yake. Jioni walimenya vitunguu saumu pamoja, naye akamsimulia mengi kuliko alivyokusudia. Alimsimulia kwamba mama yake mzazi alifariki siku ambayo yeye alikuwa mbali ukumbini kwa watu, akimwita mwanamke mwingine mama kwa ajili ya posa, na kwamba alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha sawazishwa. Hilo hakuwa amelisema kwa mtu. Bi Sikudhani hakumpa pole. Alisogeza bakuli la vitunguu karibu naye, wakaendelea kumenya.

Kazi ya ushenga haikupatikana Uitano. Kisha wachuuzi waliopita wakaleta habari kwamba huko Bumbuli ametokea mshenga mwingine, kijana, na watu wanasema ni fundi kuliko yule wa zamani. Habari hiyo ilimwuma Ngwilizi kuliko njaa. Usingizi ulimpaa. Asubuhi moja alijitwika mzigo wake, akamwambia Bi Sikudhani kwamba anakwenda sokoni kutafuta pilipili, akaenda langoni.

Askari yuleyule alimzuia kwa upole. "Wewe una mama hapa."

"Ni neno tu lile, bwana."

"Basi kalisemee barazani."

Baraza la Majina lilikutana chini ya paa la makuti, na mwamuzi wake alikuwa mzee mwenye heshima, Mwinyimvua, aliyetoa pamba ya sikio moja tu ili asisikie kesi kwa moyo wote. Watu walijaa. Mwanahija alikuja na mwanawe Shomari, kijana aliyeshona viatu. Bi Sikudhani alikaa mbele, harufu ya siki ingali mikononi mwake. Ngwilizi hakumtazama.

"Mgeni," alisema Mwinyimvua, "huyu ni nani yako?"

Hapo mtu angeweza kusema neno moja akakaa. Lakini Ngwilizi aliona umati, akaona masikio, na ulimi wake ukaamka kama farasi aliyesikia ngoma.

"Mheshimiwa," alisema, "majina haya ni nguo, kila nchi huyakata kwa kipimo chake. Kuna watu ambao ndugu wote wa baba huwaita baba. Kuna wengine ambao kaka wa mama ndiye mwenye mtoto, na baba mzazi ni mgeni wa heshima tu. Wako wenye neno moja kwa shangazi na mama mdogo, wala hawapotei nyumbani kwao. Kwetu sisi, muuza maandazi ni mama, mwenye duka ni mjomba, asiyejulikana kabisa ni ndugu. Tukiwa na haja tunaita, haja ikiisha tunakwenda. Hakuna anayekosewa, kwa sababu hakuna anayeamini. Ni adabu, mheshimiwa. Mtu hushtakiwa vipi kwa adabu?"

Minong'ono ikapita. Wazee wa baraza wakaanza kujadiliana, nao walijadiliana kwa dhati. Mmoja wa mtaa wa kaskazini, ambako ami wote ni baba, alisimama akasema mgeni ana haki: yeye mwenyewe ana mababa tele, na alipougua, kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kumtazama, akapona peke yake. Mwingine akamjibu kwamba kosa hapo si la neno, ni la mababa. Wa tatu akauliza kama mtu akipiga chafya na ikasikika kama "mama" anafungwa au hafungwi. Swali hilo liliwachukua muda mrefu.

Mwinyimvua akawanyamazisha. "Wahenga walisema, kataa neno, usikatae wito. Wewe unakataa wito ulioutoa mwenyewe. Una sababu gani nyingine?"

Ngwilizi aliona mizani inayumba. Akashusha sauti, ile sauti aliyowawekea wajomba wagumu.

"Mheshimiwa, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nina mama yangu wa kweli kwetu, aliyenizaa. Ni mzee. Hulala mlangoni akinisubiri."

Watu wakaguna kwa huruma. Mwanamke mmoja akafuta machozi.

Na hapo tu, neno likiwa limekwisha toka, ndipo Ngwilizi alipomtazama Bi Sikudhani. Alikuwa akimtazama. Yeye peke yake katika baraza lile alijua kaburi liko wapi na lilisawazishwa siku gani. Angeweza kusema sentensi moja na kesi ikaisha. Ngwilizi alihisi damu ikimpanda shingoni, masikioni, mpaka kwenye mizizi ya nywele. Akatamani aseme mwenyewe, akatamani Bi Sikudhani aseme.

"Bi Sikudhani," alisema mwamuzi, "una la kujibu?"

"Mimi nilimwitika," alisema. "Kuitika kwangu sikurudishi. Lakini mwacheni aende. Watoto wengine hutoka kwa mama zao kwa kilio. Huyu wangu ametoka kwa hotuba."

Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Mwinyimvua aliamua kwamba neno la mgeni ni adabu tu na halifungi. Bi Sikudhani akainuka. Alipompita Ngwilizi, alimwachia kifurushi cha jani la mgomba mkononi, kina maandazi na achari ya njiani. Alikuwa amekitayarisha asubuhi ileile ya pilipili, alipomwona anafunga mzigo.

Jioni hiyo mlango wake ulipigwa chokaa upya, na kesho yake akapelekwa kilimani.

Ngwilizi angeondoka, lakini mji haukumwacha. Hotuba yake iliwapendeza mno. Mkuu alimwalika kula. Vijana walimfuata njiani awarudie yale maneno kuhusu nguo na kipimo, naye, ingawa kila alipoyarudia yalimwacha na ladha ya shaba mdomoni, aliyarudia. Alijiambia kwamba ataondoka wiki ijayo. Wiki ilipofika alikuwa amealikwa mahali pengine.

Haukupita muda, Baraza la Majina likajaa. Kaka alikuja kusema kwamba alipomwita ndugu yake "mdogo wangu" alikusudia adabu tu. Mume wa dada alisema shemeji ni salamu. Mwinyimvua alikuwa amekwisha amua mara moja, hakuwa na namna ya kuamua vingine. Siku moja Ngwilizi, akipita karibu na baraza, alisikia sauti changa ikisema, "Mheshimiwa, hakuna anayekosewa, kwa sababu hakuna anayeamini." Alichungulia. Alikuwa Shomari, fundi viatu, na aliyekaa mbele yake akivuta ncha ya leso alikuwa mama yake mzazi, Mwanahija.

"Lakini huyu nilimzaa," Mwanahija alikuwa akisema. "Mimi si wa neno. Nilimzaa."

"Baraza halishughulikii tumbo," alisema Mwinyimvua kwa masikitiko. "Linashughulikia neno."

Shomari alipotoka alimwona Ngwilizi, akamkimbilia kumshika mkono. "Umetufungua, baba," alisema. "Nimepata kazi mji wa pili." Kijana alikuwa na furaha ya kweli, wala hapakuwa na ubaya usoni pake, na hilo ndilo lililomfanya Ngwilizi ashindwe kuurudisha mkono wake.

Tangu hapo Uitano ulibadilika. Kwa kuwa maneno hayakufunga tena, maofisa walitoa pamba. Watumishi wa milangoni walifukuzwa kazi. Sokoni watu waliitana ndugu, mjomba, dada, mama, mchana kutwa, kwa sauti laini, na aliyesikia angedhani mji mzima umezaliwa chumba kimoja. Maskini alipobisha kwa tajiri akisema baba mkubwa, tajiri mwenyewe alitoka kizingitini akaitika kwa tabasamu, "Naam, mwanangu, pole sana," akafunga mlango. Ngwilizi alizunguka mitaa ile akasikia sauti hizo, akatambua kila mkunjo wake, kila utamu wake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe imetiwa katika vinywa vya watu wote. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo njiani na kila apitaye amezivaa.

Hakuaga mtu. Alipanda kilima.

Nyumba ya Wasioitwa ilikuwa ndefu kama ghala, na sasa ilikuwa imejaa hata wengine wamelazwa ukumbi wa nje. Mlinzi alimpokea kwa bashasha. "Karibu, ndugu yangu! Pita, pita," alisema, akabaki amekaa. Ngwilizi alijifungulia lango mwenyewe.

Alimkuta Bi Sikudhani kwenye mkeka ukutani, miguu imevimba. Alikuwa amekonda. Kando yake alikaa Mwanahija, ambaye alipomwona aligeuza uso ukutani.

"Karibu, mgeni," alisema Bi Sikudhani. "Umekula?"

Ngwilizi alipiga magoti. Maneno aliyoyapanga njiani, na alikuwa amepanga mengi, yote yalikuwa mazuri. Kwa hiyo hakuweza kulitumia hata moja.

"Ulijua kwamba mama yangu..." alianza.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinisimulia nikiwa mama yako," alisema. "Mama hatoi ya mwanawe barazani."

Ngwilizi alilia, nacho hakikuwa kilio cha kupendeza kutazama. Bi Sikudhani alimwacha. Alipotulia aliuliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Sasa nikuite nani?"

"Usiniite kitu," alisema. "Mmetuita vya kutosha. Kisima kiko chini kule, mteremko ni mkali. Ndoo hiyo hapo."

Ngwilizi aliichukua. Alishuka, akateka, akapanda akitweta, maji yakimmwagikia miguuni kwa kutojua kubeba. Akamnywesha. Akamkanda miguu kwa maji yaliyobaki, mpaka Bi Sikudhani alipofumba macho, na hakusema ahsante wala mwanangu.

Alipoinuka ili atoke, alisikia kitu kikikwaruza sakafuni. Mwanahija, uso wake ungali umeelekea ukutani, alikuwa ameisukuma ndoo yake kwa mguu. Kisha ikasikika nyingine, na nyingine, mstari mzima wa ghala lile, wazee wake kwa waume, kila mmoja akisogeza chake: beseni, mtungi, sufuria isiyo na mkono. Hakuna aliyemwita kwa jina lolote. Ngwilizi aliinama, akashika ya Mwanahija, na kwa kuwa mkono mmoja ulibaki mtupu, akashika na ya aliyefuata.